Nondo Aliyehamishwa Ukoo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Buzebazeba)



Nilipoandikiwa na Bwana Katibu kwamba zamu ya kuzungumza imenifikia, nilimjibu kuwa sina habari yo yote ila ya wadudu. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Lete hao hao." Basi nimewaleta, na wamo ndani ya kisanduku hiki mnachokiona juu ya meza. Msiogope, wamekufa zamani.

Sisi tukaao kando ya ziwa hili twamjua nondo kwa sababu ya taa. Giza la mwezi liingiapo, wavuvi wa Kibirizi hutoka na taa zao, zamani zile karabai na siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua, na dagaa huja juu kuifuata nuru. Lakini si dagaa peke yao wajao. Mvua za kwanza zikisha kunya, nondo nao huja, humpiga mvuvi usoni, hujaa mtumbwini, na wengine huanguka majini wakaliwa. Ni nani kati yetu aliyepata kumshika mmoja akauliza jina lake? Kwetu wote ni nondo tu, pamoja na yule wa sanduku la nguo atoboaye koti la sufu. (Zile nondo za chuma za mafundi waashi hazimo katika hotuba hii.)

Mimi nataka kuwaeleza habari za mmoja wao tu. Ni mdogo, rangi yake ni ya kijivu kama vumbi la barabara, na mabawa yake yakinyoshwa hupata yapata sentimita tatu kutoka ncha hata ncha. Ukimwona ukutani hutamwonea hofu hata kidogo. Lakini mtoto wake ndiye kiwavijeshi, na kiwavijeshi hana haja ya kuelezwa kwa mtu wa nchi hii. Hula mahindi, mtama, mpunga, ulezi na majani ya malisho. Muhogo na maharage huyapita. Shamba la jioni laweza kuwa vijiti tupu kesho yake adhuhuri, na jeshi zima limekwisha vuka mpaka kwa jirani.

Nondo huyu ametiwa katika koo zaidi ya moja na wataalamu, na sababu ya kumhamisha haikuwa rangi yake wala chakula chake, bali maumbile yaliyofichika ndani ya mwili wake. Mwaka jana ndugu mmoja, ambaye yumo humu ndani na anacheka sasa hivi, aliniuliza kama watu hawa hawana kazi nyingine ila kubadili majina. Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nimelitafuta tangu wakati ule, na jibu lenyewe ndilo hotuba yangu.

Nianze na jambo mlijualo kuliko mimi, yaani masjala. Kila kiumbe kilichoorodheshwa na wataalamu kina majina mawili. La kwanza ni la ukoo, nalo ni kama namba ya jalada. La pili ni la aina yenyewe, nalo ni kama namba ya karatasi iliyomo jaladani. Karani akigundua kwamba karatasi imefungwa katika jalada silo, haichomi wala haiandiki upya. Huihamisha, hutia alama ya mahali ilikotoka, na namba yake ya kwanza hubaki ikisomeka. Na hao wataalamu hufanya vivyo hivyo. Jina la mtu wa kwanza aliyemtaja mdudu huandikwa nyuma ya jina la mdudu. Maadamu mdudu yumo katika ukoo ule ule aliotiwa mwanzo, jina la mtu yule huandikwa wazi. Akiisha kuhamishwa, jina la mtu hutiwa ndani ya mabano. Kwa hiyo mkiona katika kitabu cho chote cha kilimo imeandikwa Spodoptera exempta (Walker), jueni kwamba mabano yale mawili ni muhuri wa uhamisho.

Tena kuna jambo litakalowafurahisha wale mliofundisha shule. Nzige wekundu, ambao nchi ya mto Malagarasi na bonde la Rukwa ni katika makao yao ya kuzalia, walipewa jina na Mfaransa Serville mwaka 1838, naye akawaita Acridium septemfasciatum. Mwaka 1923 Uvarov aliwafungulia ukoo wao, na jina likawa Nomadacris septemfasciata. Tazameni mwisho wa neno la pili: -um imekuwa -a. Kilatini kina mambo yake ya upatanisho kama sisi tulivyo na ngeli zetu. Sifa hulifuata jina kuu, kama tusemavyo mtu mwekundu na kitabu chekundu, na mtu akihamishiwa ngeli nyingine hana budi kuvaa kiambishi cha huko.

Sasa turudi kwa nondo wetu. Jina exempta lilitolewa katika miaka ya 1850 na Francis Walker, Mwingereza aliyekuwa akiorodhesha wadudu wa Jumba la Makumbusho la London. Mtu huyu alifanya kazi kubwa kupita kiasi. Masanduku yalikuwa yakifika kutoka kila pembe ya dunia, naye aliyafungua, akatazama, akaandika, akafunga, akashika jingine. Alipokwisha kufa, mwaka 1874, wenzake walimlaumu kwamba mara nyingi alimwandikia mdudu mmoja majina mawili, au hata matatu, kwa kuwa hakumbuki la kwanza. Mimi simlaumu sana. Nimewahi kukaa mbele ya trei iliyojaa barua za miezi mitatu, nami najua jinsi jicho lichokavyo.

Kwa muda mrefu vitabu vya Idara za Kilimo katika Afrika vilimwita nondo huyu Laphygma exempta. Walikuwapo na jamaa zake wa karibu, wengine katika ukoo uitwao Prodenia, na wengine katika ukoo uitwao Spodoptera. Na ajabu yenyewe ni hii, kwamba koo zote tatu ziliasisiwa na mtu mmoja, Achille Guenée wa Ufaransa, katika mwaka mmoja, 1852. Majalada matatu yalifunguliwa na mkono mmoja, kwa kutazama hasa mambo ya nje: mistari ya mabawa, manyoya ya miguu, vipapasio vya kichwani. Kwa zaidi ya miaka mia majalada yale yalikaa mbalimbali rafuni, kila moja likinenepa.

Kilichoyaunganisha ni kisu. Na hapa naomba radhi kwa mabibi na kwa wazee, kwa maana habari yenyewe ni ya viungo vya uzazi. Nitaisema kwa adabu, lakini siwezi kuiruka, kwa kuwa ndiyo moyo wa jambo.

Mabawa ya nondo ni kama nguo. Lile vumbi libakialo vidoleni umshikapo ni magamba madogo mno, yaliyopangwa mfano wa magamba ya samaki, na rangi yote imo katika magamba hayo. Nondo aliyesafiri usiku kucha kwa upepo, akajigonga taani, akaanguka ndani ya mtego pamoja na wenziwe mia, hufika asubuhi amepukutika kama shati lililofuliwa kwa jiwe. Tena hata walio wazima hutofautiana, dume na jike, wa kiangazi na wa masika. Mwenye kuamua kwa mabawa peke yake ni kama askari amtafutaye mtu kwa rangi ya kanzu.

Basi mtaalamu humvunja nondo ncha ya tumbo, akaitia katika kichupa chenye maji ya potashi kali, akakipasha moto kidogo au akakiacha hata kesho. Nyama na mafuta yote huyeyuka. Hubaki ngozi ngumu tu, na ndani yake vile viungo, kwa maana navyo vimeumbwa kwa kitu kigumu kama kucha. Huvisafisha kwa maji, kisha kwa spiriti, akayafagia magamba kwa brashi nyembamba, akavikunjua kwa sindano mbili chini ya darubini ya kukuzia. Huvipaka rangi ili vionekane, akavifunika juu ya kioo. Kioo kile hupewa namba, na namba ile ile huchomwa katika pini ya mdudu aliyebaki. Namba ikipotea, kazi yote imepotea. Nilipoambiwa hayo mara ya kwanza nilijua nimefika kwa watu wa kabila langu.

Yaonekanayo pale ni haya. Dume ana vibamba viwili, kushoto na kulia, mfano wa koleo la mhunzi, vyenye nywele na miiba na vikulabu, na katikati yake pana mrija na kibamba kidogo cha kuushikilia. Jike ana mlango, na njia, na mfuko mwishoni mwa njia. Mwaka 1844 Mfaransa Léon Dufour alisema kwamba viungo hivi ni kama kufuli na ufunguo wake, kila aina ina wake, hata ufunguo wa jirani usifungue. Walomfuata wameona kwamba mambo si mepesi hivyo, kwa kuwa kuna kufuli zinazofunguka kwa funguo mbili. Walakini kwa mwenye kutenganisha aina na aina faida ni kubwa. Ndani ya aina moja viungo hivi hubadilika kidogo sana, na kati ya aina na aina, hata zile zinazofanana mabawa kama mapacha, huwa na tofauti iliyo wazi.

Walipowapasua hivyo nondo wa yale majalada matatu, wakawalaza vioo kwa vioo, walikuta kwamba mipaka ya Guenée haikuwapo. Umbo ni moja, limebadilishwa badilishwa kidogo kidogo, kama sura za ndugu wa mama mmoja. Basi tokea mwishoni mwa miaka ya 1950 Laphygma na Prodenia yalifungwa, na karatasi zao zikahamishiwa jalada la Spodoptera. Mwaka 1962 E. S. Brown alipochapa kitabu cha kukusanya yote yaliyokwisha andikwa juu ya kiwavijeshi wa Afrika, jina la jaladani lilikuwa Spodoptera exempta. Mwaka 1975 yeye na C. F. Dewhurst walitoa uchunguzi wao wa ukoo mzima wa Spodoptera katika Afrika na Mashariki ya Karibu, ambao ulitoka katika kazi ya viwavijeshi ya hapa hapa Afrika ya Mashariki, iliyokuwa na kituo Muguga, Kenya. Napenda kuutaja uchunguzi huo kwa sababu kazi hii haikufanyika London peke yake. Iliandikwa kwa nondo walionaswa kwa mitego ya nchi zetu, na waliohesabu nondo hao kila asubuhi na kuandika idadi daftarini walikuwa watumishi kama sisi.

Huko ni kuunganisha. Kisu hicho hicho chaweza kutenganisha pia, na kwa maoni yangu hapo ndipo kilipofanya kazi iliyo nzuri zaidi. Kuna nondo ambaye kiwavi wake hula pamba, tumbaku, nyanya na mboga nyingi. Kwa miaka mingi mdudu huyu wa Afrika na yule wa Bara Hindi walidhaniwa kuwa mmoja, wakaitwa Prodenia litura, kwa jina alilolitoa Fabricius mwaka 1775. Jina jingine lilikuwapo, littoralis, lililotolewa na Boisduval mwaka 1833, lakini watu walilihesabu kuwa la ziada tu. Mwaka 1963 Viette, alipokuwa akichungua nondo wa Bukini na visiwa vya jirani, aliwapasua akaona kwamba ni wawili. Kwa dume, kile kibamba kidogo cha katikati kina umbo jingine kabisa. Kwa jike, yule wa Afrika mlango na njia vina urefu ulio sawa, na yule wa Asia urefu wao haulingani. Kwa mabawa hata bingwa huona shida kuwatambua. Tangu hapo wa kwetu ni Spodoptera littoralis na wa kwao ni Spodoptera litura, na mkaguzi wa mimea bandarini, mwenye orodha ya wadudu wasioruhusiwa kuingia, ana majina mawili ya kutazama wala si moja. Lile jina la mwaka 1833 lililodhaniwa ni la ziada lilikuwa limengoja miaka mia moja na thelathini.

Nisiwafiche upande wa pili. Si kila walio mbalimbali kwa sura ni mbalimbali kwa asili. Wazee wanajua kwamba kuna viwavi weusi, laini kama mahameli, wenye mistari ya rangi ya njano na kijani, waandamanao kwa maelfu. Na kuna wengine wa kijani au wa udongo, wapole, mmoja hapa na mmoja kule majanini, ambao hakuna awajaliye. Ni nani angesema kuwa hao ni kitu kimoja? Mwaka 1943, huko Afrika ya Kusini, Faure alionyesha kwamba ni wamoja. Kiwavi akilelewa peke yake huwa wa kijani, na akilelewa katika msongamano huwa mweusi. Uvarov alikwisha sema jambo la namna hiyo juu ya nzige mwaka 1921, kwamba nzige wawili waliokuwa na majina mawili vitabuni ni mmoja, wa upweke na wa kundi. Basi wale wapole wa majanini ndio akiba ya jeshi. Wafanyao hesabu ya hatari wakiwaacha hao kwa kuwa si weusi, hesabu yao ni pungufu tangu mstari wa kwanza.

Sasa nifike katika jambo langu mwenyewe, ambalo silisemi kwa kujisifu.

Mwishoni mwa mwaka 2017 nilikuwa karani katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kujaza fomu za taarifa za wadudu waharibifu. Ilikuja barua kutoka kwa wakulima wa bonde la Luiche, imeandikwa kwa kalamu ya risasi, kwamba viwavi wameingia mahindini. Nikaifungua taarifa ya msimu mwingine wa nyuma, nikanakili: Viwavijeshi. Hatua: kupulizia makundi yanayoandamana. Maelezo: huisha wenyewe baada ya wiki mbili au tatu. Nikaigonga muhuri ikaenda. Katika maandishi yangu hapakuwa na kosa hata moja la herufi.

Na kweli, kiwavijeshi wa zamani ndivyo alivyo. Hula yapata wiki mbili au tatu, hushuka ardhini akajigeuza buu, na nondo watokapo hupanda hewani usiku wakaenda na upepo, hata msimu mwingine ndipo tusikie habari zao. Aliyebaki na mahindi hushukuru. Aliyepoteza hupanda tena. Kwa hiyo watu wa Luiche waliambiwa wangoje, wakangoja.

Baada ya mwezi na kitu mzee mmoja aliingia ofisini, ameshika bua la mahindi mkononi kama mtu ashikavyo fimbo. Hakuketi. Aliliweka juu ya meza yangu, juu ya karatasi, akalifunua lile jani la moyoni, lililojaa kinyesi cha kiwavi mfano wa unga wa msumeno. Ndani alikuwamo kiwavi mmoja mnene. Akaniambia, "Mwanangu, mliandika kuwa hawa wanapita. Hawa hawaandamani. Hawa wamehamia."

Sikujibu neno. Bwana Shamba, aliyekuwa chumba cha pili, alikuja akakitazama kile kiwavi kwa kioo cha kukuzia, akanionyesha madoa manne meusi karibu na mkia, yamepangwa kama pembe nne za mraba. Alama ya kichwani, ile mithili ya herufi Y iliyopinduliwa, peke yake haitoshi, kwa kuwa hata wa zamani ana mfano wake. Yale madoa manne ndiyo shahidi. Huyu alikuwa mgeni, Spodoptera frugiperda, ambaye siku hizi twamwita kiwavijeshi vamizi. Kwao ni Marekani. Alipewa jina na Smith mwaka 1797, naye pia alikaa miaka mingi katika jalada la Laphygma. Mwaka 2016 alitangazwa mara ya kwanza katika Afrika, huko Magharibi, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha fika Tanzania. Yeye hasubiri nyasi wala nafaka peke yake. Orodha iliyochapishwa mwaka 2018 ilihesabu mimea zaidi ya 350 anayoweza kuila. Haondoki kwa upepo shamba zima likapona. Huzaa kizazi juu ya kizazi hapo hapo, na kiwavi akiisha kukua hujificha moyoni mwa hindi na kujiziba kwa kinyesi chake, dawa ipuliziwayo juu isimfikie. Dawa yake ni kumwahi akiwa mchanga, kukagua shamba tangu mche una majani machache, kuyaponda mayai kwa mkono, na kama ni kupulizia, kulenga ndani ya moyo wa mche. Neno "kungoja" ni neno la mwisho ambalo angepaswa kuambiwa mtu mwenye mdudu huyu.

Mzee yule alivuna magunia machache sana mwaka ule. Sikuthubutu kumwuliza ni mangapi. Nilimwona baadaye sokoni Ujiji akinunua unga kwa kilo, mtu aliyezoea kuuza mahindi, naye alinisalimu kwa heshima kama kwamba hapakutokea kitu. Hiyo salamu naikumbuka kuliko karipio lo lote nililowahi kupata kazini.

Basi ndugu yangu aliyeniuliza swali mwaka jana, hili ndilo jibu. Jina si pambo. Chini ya jina zimefungwa habari zote: anakula nini, anakaa muda gani, anakwenda wapi, anauawa kwa nini. Ukiandika jina silo, umemfungulia mkulima jalada la mtu mwingine, naye atatibiwa kwa ugonjwa wa mtu huyo. Nami nilimtia mgeni katika karatasi ya mwenyeji, kwa sababu wote wawili wamo katika ukoo mmoja na wanaitwa kwa jina moja la Kiswahili.

Waweza kuniuliza, mbona kuwaweka ukoo mmoja kulinipoteza, nami nasifu kuwaunganisha? Ni swali la haki. Ukoo wakuambia undugu, haukuambii tabia. Undugu una faida yake. Kwa kuwa walijua ni ndugu, watu wa utafiti walijua kwamba mtego wa harufu ya jike, uliokwisha kutumika kwa miaka mingi juu ya yule wa kwetu, ungefaa na kwa mgeni, ila harufu yenyewe ichanganywe kwa kipimo chake, maana kila jike ana harufu yake ya kumwitia dume. Hapa Tanzania jambo la mitego hiyo si geni. Wilayani Kilosa wanavijiji wenyewe walifundishwa, mwanzoni mwa karne hii, kuhesabu madume walionaswa, kutazama na mvua, na kutangaza hatari kabla kiwavi hajaonekana. Lakini mtego nao si malaika. Mara nyingine huingia nondo wa ukoo mwingine kabisa, aliyevutwa na harufu inayokaribiana, na kwa kuwa amekwisha pukutika mabawa hakuna njia ila kuyarudia yale maji ya potashi na zile sindano mbili.

Wala sisemi kwamba kisu ndicho mwamuzi wa mwisho. Huyu vamizi, kwao Marekani, ana matawi mawili, moja limezoea zaidi mahindi na jingine mpunga na majani, nayo kwa macho hayatofautiani hata kidogo. Yalitambulikana kwa kuchungua asili zao za urithi ndani ya chembe za mwili. Huenda majalada yakafunguliwa tena. Mimi sitashangaa, wala sitawacheka watakaoyafungua.

Limebaki jambo la kisanduku. Ndani yake mna nondo kumi na wawili, wengine wa zamani na wengine wavamizi, na vioo viwili vya viungo nilivyotengenezewa na Bwana Shamba, ambaye sasa amestaafu. Nitakiacha kwa Bwana Katibu mpaka Jumamosi, naye ameahidi kuazima darubini ya shule. Mwenye shamba, au mwenye jamaa mwenye shamba, huko Luiche, au Simbo, au Kasulu, akimpata kiwavi asiyemjua, tafadhali amweke hai katika kopo lenye matundu pamoja na jani alilokuwa akilila, aandike kwa kalamu ya risasi tarehe, mahali na mmea, na aniletee nyumbani wakati wo wote. Nondo wa taani watiwe katika kiberiti kitupu, mmoja mmoja, kwa kuwa wakiwekwa pamoja hupukutishana. Karatasi ya maelezo itiwe ndani ya kiberiti, isiandikwe juu ya kifuniko. Vifuniko hubadilishana.